Mtalaka wa Mgombea

Mama Mikate hakuwahi kupiga kura maishani mwake, na hakuona haya kulisema. Kila msimu wa kampeni aliwakataza wafanyakazi wake kubandika picha ya mgombea yeyote ukutani. "Siasa imeshanilia mume," aliwaambia wateja. "Mikate yangu haiipati."

Mume mwenyewe alikuwa daktari wa mifugo. Walioana wangali vijana, wakapata binti mmoja, na siku binti huyo anazaliwa baba yake alikuwa kwenye zizi la watu, mkono umezama ndani ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Baadaye akaacha ng'ombe akaingia bungeni, na tangu hapo nyumbani akawa kama mgeni. Waliachana bila kelele. Yeye alioa tena. Mama Mikate alibaki na nyumba, tanuri na binti, ambaye sasa alikuwa mtu mzima na ndiye aliyesimamia mauzo.

Mwaka ule Daktari akagombea urais.

Asubuhi moja, mikate ya kwanza ikiwa ndiyo inatoka tanurini, waliingia wanaume wawili waliovaa suti. Mmoja alikuwa mrefu, mwenye miwani, na ndiye aliyesema kwa niaba ya wote. Mwenzake alikuwa anatafuna tu.

"Shikamoo mama. Tumetumwa na upande wa mpinzani wa Daktari," alisema mwenye miwani. "Wananchi wanapaswa kumjua mtu anayetaka kuwaongoza. Na nani anamjua kama wewe?"

"Kumjua namjua," alisema Mama Mikate akijikung'uta unga. "Namjua mpaka anavyokoroma."

"Basi njoo redioni Ijumaa, utuambie."

"Nitakuja."

Walipotoka tu, binti akaja juu. "Mama! Daktari si baba yangu?"

"Ni baba yako, sikatai. Lakini mimi aliniachia donge hapa." Akajigonga kifuani. "Miaka yote nimelimeza. Safari hii nalitema."

"Na mimi nitapita wapi?"

Mama Mikate akampa kisogo. Akarudi kwenye unga wake, akaukanda kwa nguvu kuliko ulivyohitaji.

Ijumaa alivaa gauni lake la harusi za watu, akaenda. Studio ilikuwa kachumba kenye joto, feni imezimwa isipige kelele. Mtangazaji alikuwa msichana mwenye sauti laini, na nyuma ya kioo alisimama yule mwenye miwani.

"Mama, Daktari alikuwa mume wa namna gani?"

"Mbaya."

Mwenye miwani akachekelea mpaka magego yakaonekana.

Mama Mikate akafunguka. Alisimulia ya ng'ombe na kuzaliwa kwa mtoto. Alisimulia wageni aliowapokea peke yake, na chakula kilichopoa mezani mwenyewe hajulikani aliko. "Ng'ombe wa jirani akikohoa, yeye mbio na mkoba. Nikikohoa mimi, ananiambia kunywa maji." Mtangazaji alicheka akasahau kuuliza. Mama Mikate naye akahisi donge linalainika, na akaona raha.

"Sasa mama, tumesikia alikufukuza nyumbani, mtoto yuko mgongoni. Tusimulie siku hiyo."

Mama Mikate akakunja uso. "Nani kasema?"

"Ndizo habari zilizopo, mama."

Alitazama kwenye kioo. Yule mwanamume alikuwa anamwashiria kwa kichwa taratibu, kama mtu anayemhimiza mtoto apige hatua. Ikamjia siku yenyewe ilivyokuwa: Daktari amesimama mlangoni na mabuti yake mkononi, na Mama Mikate anamsihi aseme tu kwamba atabadilika. Aseme hata kama si kweli. Na Daktari anajibu, "Nakupenda, lakini kukaa sijui. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

"Huo ni uongo," alisema Mama Mikate.

"Samahani?"

"Hakunifukuza. Aliyeondoka ni yeye, na nyumba akaniachia. Siku ile nilimwomba anidanganye akakataa, na kwa hilo nilimchukia kuliko kwa yote niliyosema hapa. Nyinyi sijakaa nanyi hata saa moja, mnataka niidanganye nchi nzima." Akavuta pumzi. "Sasa sikieni. Sijawahi kupiga kura. Safari hii napiga, na nampa yeye. Mtu aliyeshindwa kukaa nyumbani kwake, mpeni nyumba ya watu wote, huenda akatulia. Ila kwangu asirudi!"

Muziki ukawekwa haraka. Nyuma ya kioo hakukuwa na mtu.

Nje, binti alikuwa kwenye gari la mikate, amesikia kila neno, analia na kucheka kwa pamoja. "Mama, umempigia baba kampeni."

"Nimesema ukweli tu. Endesha, unga utachachuka."

Wiki ile watu walijaa dukani, wengine kununua, wengine kumtazama tu. Fundi viatu wa mtaa wa pili, mteja wake wa tangu zamani lakini mfuasi wa yule mpinzani, alipita mlangoni bila salamu akaenda kununua kwingine, na hilo lilimuuma.

Daktari akapiga simu. "Nimepiga kushukuru."

"Usinishukuru. Nilisema ulikuwa mume mbaya, ulisikia?"

"Nilisikia. Ni kweli." Akakohoa kidogo. "Mke wangu anauliza ulinivumiliaje."

"Mwambie aje, nimfundishe."

Siku ya uchaguzi walipanga foleni pamoja, mama na binti. Mama Mikate alikaa ndani ya kibanda cha kupigia kura muda mrefu hadi msimamizi akamuuliza kama anahitaji msaada. "Niache," alijibu, "ndiyo mara yangu ya kwanza." Akatoka na wino kidoleni, akawa anauonyesha kwa watu wasiouliza.

Matokeo yalitangazwa alfajiri, tanuri ndiyo kwanza linawashwa. Daktari alishindwa kwa kura chache. Mama Mikate alikaa juu ya gunia la unga. Machozi yakamtoka, na yeye mwenyewe akashangaa.

"Kumbe inauma hivi?" alisema.

"Inauma," alisema binti. Akamletea chai, akaketi karibu yake, wakanywa mpaka wateja wa kwanza walipoanza kugonga mlango.