Maua ya Shashi kwa Chiriku

Mwalimu wa chekechea alikuwa na imani moja ambayo hakuna mkaguzi aliyefaulu kumwachisha: kidole kinachojua kuchana karatasi hakitaiogopa kalamu. Kwa hiyo darasa lake lilifuata majira kwa karatasi za shashi, zile nyepesi za rangi ambazo watu hufungia zawadi. Mvua zikikaribia, watoto walichana za bluu, wakazifinya kuwa vipira vidogo, wakavichovya kwenye gundi na kuvibandika chini ya wingu la pamba. Majani yakianza kupukutika, walijaza vipande vya kahawia na manjano kwenye mti uliochorwa. Kiangazi walitengeneza jua la sahani ya karatasi, lenye ndevu za rangi ya chungwa. Wazazi walimtania kwamba wao kalenda hawanunui. Wakitaka kujua mwaka umefika wapi, wanachungulia dirishani kwake.

Katika darasa hilo alikuwamo mtoto mmoja ambaye jioni alirudi naye nyumbani. Watu walimwita Chiriku, maana alianza kuzungumza kabla hajafumbua macho vizuri, na alinyamaza pale tu usingizi ulipomshinda nguvu. Mwalimu hakumzaa. Alizaliwa na mdogo wake, ambaye alivuja damu siku ya kujifungua na hakuinuka tena. Baba wa mtoto alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kijana aliyepigwa bumbuwazi na msiba, na kazi aliyoipata baada ya hapo ilikuwa katika nchi ya mbali. Aliondoka analia kama mtoto aliyemwacha. Mwalimu, ambaye hakuwa na mume wala mwana, alimpokea mwana wa mdogo wake akiwa bado ananukia hospitali. Ndiye aliyekesha naye meno yalipoota. Ndiye aliyeitwa mama neno hilo lilipokuja, ingawa hakuwahi kulifundisha.

Fundi hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipokuwa na uchungu wenyewe. Alituma matumizi bila kukumbushwa. Alipiga simu, akamsikiliza mtoto akimweleza habari za paka wa jirani mpaka salio likaisha. Kama angekuwa mlevi, au mtu wa kupotea na kuibuka, mwalimu angejua pa kushika.

Alirudi alasiri moja ya mawingu, amevaa shati lililopigwa pasi, pamoja na mke aliyemwoa karibuni, mshonaji mpole ambaye hakuegemea kiti hata chai ilipoletwa.

"Shemeji, nimerudi moja kwa moja," fundi alisema. "Nimefungua karakana, nyumba ipo. Nilisubiri mpaka niwe na pa kumweka."

"Kumweka nani?" mwalimu aliuliza, ingawa alijua.

"Mwanangu." Alilisema akiangalia viatu vyake. "Sijui nikushukuru kwa maneno gani, shemeji. Kila ninaloliwaza naliona dogo."

Mwalimu alimgeukia mama yake, bibi wa mtoto, aliyekaa kwenye kochi karibu na dirisha. Alitegemea mama atasema neno. Huyu ndiye aliyemzika binti yake na kumshika mjukuu siku hiyohiyo, nani angembishia?

"Mtoto ni wa baba yake," bibi alisema. "Tulimlea kwa kuwa hakuwapo. Sasa yupo."

"Mama."

"Ulitaka niseme nini? Nimnyime mtu damu yake?"

Mwalimu aliomba mtoto aachwe amalize muhula. Wakakubali mara moja, na mshonaji akaongeza kwamba hata ukizidi kidogo hakuna neno. Wote walikuwa waungwana kiasi kwamba alikosa hata wa kumkasirikia.

Wiki iliyofuata mvua zilianza, na darasa likaingia kwenye vipira vya bluu. Safari hii mwalimu alimchorea kila mtoto mwavuli. Chiriku alibandika mvua juu, kisha akabandika vipira vya rangi nyingine chini ya mwavuli, vikubwa kwa vidogo, vimebanana.

"Hawa ni kina nani?" mwalimu alimuuliza.

"Huyu bibi. Huyu wewe. Huyu mimi, nimekuwa mwekundu kwa sababu nina njaa."

"Na baba je?"

Chiriku alipima nafasi iliyobaki kwa kidole chenye gundi. "Baba bado sijambandika. Mwavuli umejaa. Labda usogee kidogo."

Mwalimu alisema sawa, atasogea. Akamwachia msaidizi wake darasa, akatoka kana kwamba ameitwa ofisini, akaingia stoo ya vifaa na kufunga mlango. Humo alilia akiwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mpishi wa shule alimkuta alipokuja kuchukua ndoo. Mpishi huyo maneno yake hayakupita kwenye chujio.

"Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana," alisema baada ya kusikia habari yote. "Na kazi hiyo si umeifanya wewe? Nenda kwa wakili."

"Nikamwambie nini? Kwamba baba anampenda mwanawe?"

Mpishi alilowesha pembe ya kanga yake bombani na kumpa. "Futa uso basi. Rangi ya makaratasi yako imekushuka mpaka kidevuni. Watoto watakubandika ukutani." Mwalimu alicheka, na kicheko kikamrudisha kwenye kilio.

Siku ya kuondoka, Chiriku alidhani anakwenda kutembea. Alikuwa amekwishaelezwa, tena zaidi ya mara moja, na mara zote aliitikia. Lakini mtoto huitikia maneno, siyo miezi. Alipanda gari la kukodi akisimulia, akamwambia dereva kuwa baba yake anaweza kuunganisha chuma kilichokatika. Mshonaji alimvuta mwalimu pembeni.

"Dada, usiku analalaje?"

"Taa iwake kidogo mpaka apitiwe. Akikohoa, mgeuze ubavu. Anapenda kushika sikio lako, usimkataze."

"Sitamkataza," mshonaji alisema, na machozi yakamlengalenga yeye badala ya mwalimu. Mwalimu alisimama barabarani hadi gari lilipokata kona. Hakupunga mkono, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeshika lango.

Alikwenda kumwona likizo ya msimu wa maua. Alipanda basi alfajiri, mfuko wa shashi mapajani, za waridi, zambarau na nyeupe, hakutaka kuuweka juu usije ukakunjwa na mizigo ya watu. Njia nzima alikuwa akimsikia Chiriku anavyokuja mbio, na maneno atakayomtupia kabla hajamfikia.

Chiriku hakuja mbio. Alisimama nyuma ya mshonaji, ameshika sketi yake. Alikuwa amerefuka na nywele zimesukwa mtindo mwingine. Aliamkia "shikamoo" kwa adabu, kama anavyoamkiwa mgeni. Fundi aliona haya, akaanza kumsukuma mbele, na mwalimu akasema, "Mwache. Atakuja mwenyewe."

Alikuja alipoona karatasi. Walikaa sakafuni kwenye mkeka, mwalimu akamkumbusha: unapanga tabaka, unakunja mbele na nyuma kama upepeo, unafunga uzi katikati, kisha unavuta tabaka mojamoja, taratibu, shashi haitaki hasira. Vidole vya Chiriku vilikumbuka kabla yake. Ulimi ukafunguka. Ua la kwanza lilichanika, la pili likasimama, na kufika la tatu alikuwa amemweleza mwalimu kuhusu rafiki mpya, jino linalocheza, na cherehani ambayo haruhusiwi kuigusa ila sindano ikiwa imetolewa. Aliegemea bega la mwalimu kama zamani. Mwalimu hakuthubutu hata kunyoosha mguu uliokufa ganzi.

Ua lililofuata lilikuwa la zambarau, kubwa, limechanua kote. Chiriku alilinyanyua juu.

"Mama, tazama!"

"Naam, mwanangu," mwalimu alisema, na papo hapo mshonaji aliitikia, "Abee," kutoka jikoni.

Mtoto aliwatazama wote wawili. Hakuwa na ubaya wowote usoni. Alikuwa anasahihisha kosa tu, kama anavyomwelekeza mtu aliyekosea mlango.

"Siyo wewe," alimwambia mwalimu. "Namwita mama."

Mshonaji alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Fundi, aliyekuwa kizingitini akivua viatu, aliinama zaidi kuliko viatu vilivyohitaji.

"Mpelekee basi alione," mwalimu alisema. Sauti ilimtoka nzima, hata yeye alishangaa. "Lishike kwa uzi, usilibane."

Chiriku alikimbia na ua lake. Mwalimu alikusanya vipande vilivyobaki mkekani, kimoja kimoja, hata visivyofaa kitu. Alilala hapo usiku huo kama ilivyopangwa, akala walichompa, akamsifu mshonaji mbele ya mumewe kwa jinsi mtoto alivyotunzwa, na sifa hizo zilikuwa za kweli. Asubuhi Chiriku alimbusu shavuni akamwambia aje tena na karatasi za kijani, watengeneze majani.

Alifika kwake jua likiwa linazama. Bibi alikuwa palepale karibu na dirisha.

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Amenenepa. Ana jino linacheza."

"Alikutambua?"

Mwalimu alikaa chini bila kuvua viatu. "Alinitambua," alisema. "Anampenda mama yake."

Bibi, ambaye hakutoa chozi siku mjukuu alipochukuliwa wala siku fundi alipokuja kumdai, alijifunika uso kwa upande wa kanga, mabega yakaanza kutikisika.

"Nilisema kwa haki," alisema. "Ilikuwa haki, mwanangu. Ila nilidhani nitazoea."

Mwalimu alisogea, akakiweka kichwa chake kwenye magoti ya mama yake, jambo ambalo hakulifanya tangu usichana. Wakakaa hivyo, giza likaingia chumbani, na hakuna aliyeinuka kuwasha taa.