Mshale wa Kulia

Mimi Mahrus, msafisha picha mstaafu wa mtaa wa Sidi Gaber, sijawahi kumwomba mtu anibadilishie kitu kinachofanya kazi. Lakini ukurasa wa pensheni uligoma kufunguka kwenye programu yangu kuukuu ya intaneti, basi Ijumaa baada ya swala binti yangu Ghada akaja, akaniwekea mpya.

"Hii ina kasi, Baba."

"Kwani hapa nani ana haraka?"

Ile ya zamani ilikuwa na menyu zote juu, kwa maneno, Kiarabu safi. Mshale wa kurudi nyuma ulikaa kulia, kama ipasavyo kwa watu wanaosoma kuanzia kulia. Hii mpya imeficha kila kitu ndani ya vidoti vitatu, na mshale umehamia kushoto. Mkono niliouzoesha miaka yote hiyo nani ataufundisha upya?

Na mimi sifungi kurasa. Mmoja ulitoka kwenye jukwaa la wapishi, ambako marehemu mke wangu Ismat aliandika namna ya kupika mulukhiya, ule mchuzi wetu wa mlenda. Jukwaa lenyewe lilikufa zamani. Ukurasa ulibaki ndani ya mashine yangu tu. Kila asubuhi nausoma na chai yangu. Enzi zile intaneti ilipita kwenye waya wa simu; Ismat akiingia mtandaoni simu ya nyumba haipatikani, nami nanung'unika kutwa. Leo nautamani hata ule ugomvi.

Ghada alizihamisha kurasa zote salama, ndipo akaifuta programu ya zamani. Kuuona ule wa Ismat, nikashusha pumzi. Nikagusa picha ya sufuria, ikajaa kioo kizima. Nikataka kurudi, mkono ukaenda kulia wenyewe. Kumbe kulia siku hizi kuna kitufe cha kupakia upya.

Ukurasa ukawa mweupe. Kisha yakaja maneno: tovuti haipatikani.

"Umebonyeza nini, Baba?"

"Nimebonyeza palepale ninapobonyeza siku zote."

Alihangaika nayo mpaka chai ikapoa. "Kwani kulikuwa na nini?"

"Mama yako."

Hakuwa akijua. Nilipomweleza, akafungua ukurasa mtupu. "Nisomee. Najua umekariri."

Nikaanza. Sungura mmoja. Kitunguu saumu kichwa kizima, kitwangwe na giligilani kavu, kikaangwe kisiungue. Unapokimimina kwenye mulukhiya, shtuka kwa sauti, usione haya. Ghada akacheka, maana wanawake wetu wote hushtuka hivyo, eti bila hivyo mulukhiya hainogi.

"'Mume wangu hunicheka nikishtuka,'" nikaendelea. "'Lakini siku niliyosahau, aliweka mkate chini akaniuliza naumwa nini.'"

"Mama aliandika hivyo?"

"Neno kwa neno."

"Halafu?"

Baada ya hapo kulikuwa na mstari mmoja, wa mwisho. Asubuhi ileile nilikuwa nimeusoma. Nilikitazama kioo, nikaitazama chai, nikamtazama binti yangu, na mstari haukuja.

"Halafu, Baba?"

"Acha nafasi hapo," nikamwambia. "Usiandike kitu."