Kochi la Mwenye Nyumba

Mimi ni fundi wa makochi, na nasema bila haya kwamba ni fundi mzuri. Niletee kochi lililonyeshewa, lililotafunwa na panya, lililovunjwa mgongo na ukoo wa watu wazito, nitakurudishia kitu utakachoogopa kukikalia. Kwa hiyo baba yangu alipokubali kuhamia kwangu, nilijua mambo yatanyooka. Mzee atapata chumba chenye dirisha la jua la asubuhi, mume wangu atampikia, na mimi nitalala usingizi ambao sikuwa nimeuonja tangu alipoteleza bafuni kwake, akakaa sakafuni akigonga ukuta kwa kandambili mpaka jirani akasikia.

Alikubali, lakini kwa sharti. Baba ni mpima ardhi mstaafu, hatii saini kitu kabla hajakizunguka. Alisema mbele ya mume wangu, paka akiwa mapajani mwake:

"Mwenye Nyumba akikubali, nami nimekubali. Akikataa, Jumamosi dereva atakayetuleta anatufuata tena, tunarudi wote wawili."

Mwenye Nyumba ndilo jina la paka. Alipewa na marehemu mama, kwa jinsi alivyokuwa akipita chumba hadi chumba akikagua kila kitu, kana kwamba sisi ni wapangaji na tumemharibia rangi ya ukuta.

"Lakini baba, ni paka tu," nikasema.

"Ndiyo. Paka tu," alijibu, akapapasa mfuko wa shati lake. Humo alikuwa ameuweka ufunguo wa nyumba ya zamani.

Mimi tayari nilikuwa nimejiandaa. Kochi lake la mtu mmoja, lile alilokalia miaka yote pembeni mwa mama, nililitanguliza karakanani nikalivua nguo. Kazi yangu ina utaratibu: kitambaa cha zamani nakifumua, nakinyoosha, nakitumia kama kipimo cha kukatia kipya. Kisha nakitundika msumarini, na hakitupwi mpaka mteja akalie kochi lake kwa makalio yake mwenyewe na kusema limekaa vizuri. Wateja nawajua. Mtu hulisifia kochi akiwa amesimama, akikaa tu anakumbuka alichotaka.

Nililivalisha kitambaa cha rangi ya zabibu, sponji mpya, na ukingo ulioshonwa ukanyooka kama rula. Mapazia yake nikayafua, blanketi lake nikalifua, mito nikainunulia foronya mpya. Nilitaka baba aanze upya. Mama alikuwa ametutoka, na kila nilipoona vile vitu vya zamani roho iliniuma, nikadhani na yake inauma vilevile.

Siku ya kuhamia, paka alitolewa kikapuni akasimama katikati ya sebule. Akanusa hewa. Akalisogelea kochi, akalinusa mguu, akamgeukia baba kwa macho ya mtu aliyedanganywa, kisha akatimua mbio jikoni na kujibana nyuma ya friji. Baba naye alilizunguka kochi pande zote nne.

"Limependeza sana, mwanangu," akasema, akaenda kukaa kwenye stuli jikoni.

Wakakaa huko. Asubuhi baba kwenye stuli, mchana baba kwenye stuli, na nyuma ya friji macho mawili. Mume wangu ni mpishi wa hospitali, jikoni kwake hapendi hata kijiko kikae ovyo, na sasa kila akitaka maziwa ilimbidi aombe njia.

"Jikoni kwangu pamekuwa kituo cha polisi," alininong'oneza. "Mtuhumiwa nyuma ya friji, shahidi kwenye stuli."

"Mvumilie. Ni mgeni."

"Mgeni siku mbili, mke wangu, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe lake ni panya, na hata mjusi hajatuonyesha."

Sikushindwa kazi mimi. Nilimwekea samaki wa kopo, akala nilipoondoka, akarudi nyuma ya friji. Nilimshonea kitanda chake mwenyewe, cha duara, kwa masalia ya kile kitambaa cha zabibu, na ukingo nikamtilia. Akakinusa akapiga chafya. Nikaona basi, dawa ya moto ni moto, nikaingiza mkono nimtoe kwa nguvu. Alinichora toka kiwiko hadi kidole gumba.

Baba alinifunga kitambaa mkononi, kisha akasema:

"Umempa nyumba nzima kwa mkupuo, mwanangu. Mpima haanzi na wilaya nzima. Anatafuta jiwe moja analolijua, hapo ndipo anapofunga kamba yake."

"Jiwe gani, baba? Niambie nilinunue."

Alicheka kidogo. "Halinunuliwi. Hata mimi nalitafuta humu ndani, bado sijaliona."

Hasira zilinipanda, sitaficha. Nimempa mtu chumba kizuri kuliko changu, nimempa kochi ambalo waziri angelikalia, halafu ananiambia kuhusu mawe! Nikatoka jikoni nikafunga mlango kwa kishindo, na kishindo hicho kikamrudisha paka ndani zaidi. Usiku ule nikitandika kitanda, nilimwona baba kwa upenyo wa mlango wake akikunja mashati na kuyarudisha kwenye begi. Alikuwa akiyakunja taratibu, akiegemea kitanda asianguke, na nikaliona tena lile bafu lake lenye sakafu ya utelezi. Niliogopa.

Mume wangu ndiye aliyesema, tena kwa kuchagua maneno, maana ananijua.

"Lile kochi nikilikalia macho yananiwasha."

"Yanawashwa na wivu."

"Yanawashwa na gundi. Sebule inanuka karakana, mke wangu. Wewe hunusi tena, pua yako ilishazoea zamani. Kinyozi hajinyoi."

Asubuhi ya Ijumaa nikaenda kazini nimenuna, nikaanza kupaka gundi kwenye ubao wa kochi la watu, gundi ikanimwagikia, nikanyoosha mkono msumarini nichukue kitambaa cha kufutia. Mkono ukakuta nyuzi zilizotoka. Nikazitambua kwa vidole kabla ya macho: kilikuwa kitambaa cha mkono wa kulia wa kochi la baba, pale Mwenye Nyumba alipokuwa akinoa kucha kila jioni mama akimkemea.

Mbona kilikuwa bado msumarini? Nikasimama hapo na kopo la gundi mkononi. Kilikuwa msumarini kwa sababu mteja hajakaa. Tangu ahamie, baba hajakalia kochi lile hata mara moja, na mimi niliyejitungia sheria hiyo nilipita mbele ya stuli yake kutwa kucha nisione.

Nikaweka kopo chini, nikakishika kitambaa kwa mikono miwili nikafukia uso ndani yake. Kilikuwa na chai iliyomwagika, vumbi, manyoya ya paka, na juu, penye kuegemezea kichwa, mafuta ya nywele ya mama. Mama alikuwa akilikalia kila baba alipokwenda msikitini au sokoni au popote, na baba akirudi anaambiwa, "Subiri, nimelipasha moto." Nililia pale, nikalia vizuri, mteja akaingia akatoka.

Kisha nikafunga karakana, nikabeba kile kitambaa, koleo, nyundo na sindano kubwa, nikarudi nyumbani mchana kweupe.

Kochi nililiburuta hadi chumbani kwa baba, nikafungua dirisha, nikaanza kung'oa pini. Baba akaja na stuli yake akakaa mlangoni.

"Unafanya nini? Hiyo si kazi yako bora ya mwaka huu?"

"Ndiyo bora," nilisema, nikavuta na kitambaa cha zabibu kikachanika kwa sauti iliyoniuma mbavu. "Nishikie hizo pini."

Akanishikia. Nilikuwa nimekata mishono yote kwa hiyo ilibidi niunge kipande kwa kipande, nikifuata mistari ya chaki yangu mwenyewe. Sponji mpya niliiacha kwa sababu mgongo wake unaihitaji, ila niliifunika kwanza kwa shuka lake kuukuu. Lile tundu la mkono wa kulia nililitia nyuzi chache, nyingine nikaziacha zining'inie. Baba alikuwa akinipa pini moja moja, na nilipofika sehemu ya kichwa akaondoa miwani akaifuta kwa muda mrefu.

Mume wangu aliporudi tuliivuta friji. Baba akapiga magoti kwa shida, akamwita paka kwa sauti ya chini, akamfunga kwenye fulana yake mwenyewe aliyoivua hapo hapo, akampeleka chumbani.

"Chumba kimoja kwanza," alisema. "Mlango ufungwe."

Tulisikiliza nje ya mlango kama watoto. Kwanza kimya. Kisha tukasikia kucha zikikwaruza kitambaa, taratibu, kwa raha zake zote. Mume wangu alinitazama kuona kama nitakasirika, maana ushonaji wangu ndio uliokuwa unakwaruzwa. Nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yananiuma.

Jumamosi asubuhi baba alifungua mlango, koti mwilini, begi pembeni mwa kitanda.

"Baba, mbona begi? Si amekula? Si amelala?"

"Amelala chumba kimoja. Sijui kama ameikubali nyumba. Siwezi kumsemea."

Mwenye Nyumba akatoka. Alipita ukutani, tumbo chini, akasimama kwenye fremu ya mlango akaisugua kwa shavu. Akaenda kwenye mguu wa meza, akausugua. Kona ya kabati, akaisugua, upande huu na upande huu.

"Anapanda bikoni zake za mpaka," baba alinong'ona, na sauti yake ilikuwa ya kijana aliye kazini. "Ona, anarudi kuhakikisha ya kwanza."

Alivuka sebule yote namna hiyo, mkia ukianza kunyanyuka, mpaka jikoni. Akafika mbele ya friji akakaa, akajilamba mguu. Hapo ndipo dereva alipofika nje. Dereva huyo hajui kubisha hodi. Alipiga honi ndefu iliyotikisa vioo, na paka akaruka juu kama amemwagiwa maji.

Upenyo wa nyuma ya friji ulikuwa hatua moja kutoka kwake, na mlango wa nje ulikuwa wazi. Mwenye Nyumba alivipita vyote viwili. Alikatiza jikoni, akapita katikati ya miguu ya mume wangu, akavuka sebule akiteleza kwenye kona, akaingia chumbani kwa baba akarukia kochi, akajikunja kwenye ule mkono wa kulia.

Honi ikalia tena. Paka akageuza masikio tu.

Baba alikwenda taratibu hadi chumbani, akasimama mbele ya kochi. Akavua koti akalitundika nyuma ya mlango. Akashika mikono ya kochi, akajishusha, akakaa, akaegemeza kichwa pale juu na kufumba macho. Alikaa hivyo mpaka nikaogopa kuvuta pumzi.

"Limekaa vizuri, fundi," alisema.

"Ahsante, mteja," nikajibu.

Akaingiza vidole mfukoni mwa shati, akatoa ufunguo akanipa bila kufumbua macho.

"Mwambie dereva leo habebi watu. Aende kule, akalete kile kikabati kidogo cha mama yako. Paka amezoea kulala juu yake mchana."