Betri ya Chumbani

Mume wa mshonaji huyu alikuwa fundi pikipiki, na betri ile aliiunda mwenyewe kwa seli alizozing'oa kwenye pikipiki za umeme zilizochakaa. Akaiweka chumbani kwa mama yake, ndiko kulikokuwa na nafasi, akaiunganisha na paneli za juu ya bati. "Kuanzia leo jua tunaliweka akiba," alijigamba. Na kweli, umeme ukikatika mtaa mzima, cherehani ya mkewe iliendelea kunguruma, na wateja wakahamia kwake.

Mke mwenyewe hakuwa na amani. Kila akipeleka chai aligusa lile sanduku la betri kwa kiganja. Siku moja akalikuta limevimba ubavuni.

"Mama, hili limeanza lini kuwa hivi?"

"Hata mimi nimevimba miguu, mbona huniulizi?" alijibu mama mkwe.

Akampigia mumewe simu.

"Nikirudi nitalitazama," alisema. "Wewe nawe, kila kitu unakiogopa."

Alasiri, akiwa anapinda sketi za shule, alisikia mlio kama wa birika linaloanza kuchemka. Ikafuata harufu tamutamu, kama ya rangi ya kucha. Alipofungua mlango wa chumba, sanduku lilikuwa linafuka moshi mweupe, nalo lilikaa katikati ya mlango na kitanda. Mama mkwe alikuwa na nyonga iliyovunjika, hawezi kusimama.

"Nipe gauni langu kwanza."

"Mama, nakuomba, lishikilie godoro."

Alijua angeweza kugeuka akakimbia, na hakuna ambaye angemlaumu. Wazo hilo lilimtisha kuliko moshi. Akajitosa, akakamata pembe za godoro, akaliburuta na mama mkwe juu yake, wakipita karibu na sanduku hadi joto likamchoma paja. Ndiyo kwanza wanafika uani, sanduku likalipuka. Majirani walimwaga mchanga. Moto ukazimika, ukawaka tena, ukazimika, ukawaka.

Mume alirudi akakuta kuta nyeusi. Alikaa chini, mikono kichwani.

Sasa wana betri ya dukani, iliyofungwa na fundi umeme ndani ya kibanda cha matofali mbali na nyumba. Haijawasumbua, na nusu ya mtaa wamefunga kama hiyo. Mama mkwe ameshaomba feni.

"Punguza woga, mwanangu. Huko ndiko dunia inakoelekea."

Mke anajua ni kweli. Lakini mlango wa chumba kile aliung'oa bawabani, na hadi leo hajakubali urudishwe.