Picha ya Kisogo

Nililiendesha lori kutoka Riyadh hadi Jeddah kama niliyebeba mayai, na njia nzima niliota macho yakiwa wazi. Nyuma, ndani ya sanduku, mlikuwa na sanamu ya Buddha ya jiwe, ndogo, kama mkono wangu hadi kiwiko. Karatasi ya mzigo ilisema iliokotwa kwenye mchanga wa bandari ya kale, ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Wafanyabiashara wa Bara Hindi na Sri Lanka waliivusha zamani pamoja na pilipili manga, wakawa wanasali mbele yake wakingoja safari ya kurudi kwao. Lami ilimeremeta ikawa maji, lori likaelea, na mimi Dominic, Mkatoliki wa Kakamega, nikawa nahodha wao.

Kando yangu aliketi Nimal, mpakiaji mwenzangu kutoka Galle, mji wa bandari huko Sri Lanka. Tunaishi chumba kimoja mtaa wa Bani Malik, Jeddah, tunaongea Kiarabu cha kazini, na anakoroma. Safari hiyo hakusinzia hata kidogo. Mama yake alikuwa mahututi, na kafili, mwajiri anayetudhamini, alikuwa bado hajampa ruhusa ya kusafiri. Majirani walikuwa wamemjaza mama maneno kwamba mtu akikaa Uarabuni miaka kumi na mmoja humsahau Buddha. Akamwuliza mwanawe kwa simu, "Bado u wetu?" Nimal akaapa. Mama akamrudishia binti yake simu.

"Nataka anione nikiwa mbele yake," Nimal aliniambia, akionyesha nyuma ya lori kwa kidole gumba. "Picha moja tu."

Maonyesho yenyewe yalikuwa Balad, mji mkongwe wa Jeddah, katika nyumba kuukuu ya mawe ya matumbawe. Simu zilipigwa marufuku ukumbini. Tungeshikwa, tungemwaga unga sote wawili. Lakini adhana ya adhuhuri ikilia, wenzetu huenda kuswali, na sisi wasio Waislamu huachiwa ulinzi wa mizigo. Hizo ndizo dakika zetu.

Sanamu ilikuwa tayari juu ya kibao chake ukutani, ikingoja kufunikwa kwa kioo. Mwanga ulipenya kwenye madirisha ya mbao ukatua sakafuni vipande vipande, na nikahisi jengo zima linayumba taratibu, limeng'oa nanga. Nimal alivua viatu, akakutanisha viganja, akaielekea.

"Geuka," nikamwambia. "Mama aone uso."

"Mafi," akakataa kwa Kiarabu chetu cha kazini.

"Geuka, bwana."

"Hatumpi mgongo, Dominic. Kwetu hapana."

"Basi simama kando yake."

"Kando, kama rafiki yangu wa harusini? Mafi."

Hasira zilinipanda. Nimehatarisha ikama yangu, kibali changu cha kuishi huku, na mtu ananionyesha kisogo, tena chenye upara. "Mama yako ni mgonjwa," nikasema. "Atajuaje ni wewe? Visogo vimejaa duniani. Geuka, Nimal."

Hakugeuka. Nikasikia viatu kwenye ngazi, nikapiga hivyo hivyo: upara, masikio mawili, nyayo zilizopasuka, na mbele yake uso mdogo wa jiwe. Nimal akatoka kinyumenyume, akanikanyaga kidole. Sikumsemesha hadi jioni.

Nimal aliituma picha usiku, na siku ya pili dada yake akaleta ujumbe wa sauti. Nimal aliusikiliza kitandani, simu sikioni, kisha akanitafsiria polepole. Mama aliisogeza simu karibu na macho, akaitazama sana. Akasema, "Ni yeye. Mwingine angegeuka atabasamu."

Niliona aibu iliyonichoma. Ni mimi niliyemwambia ageuke, na si mara moja. Kama angenitii, mama yule angekufa na jibu la majirani. Nikamwomba Nimal msamaha, naye akanipa chai.

Mama alifariki wiki hiyo hiyo. Ruhusa haikuja.

Maonyesho yalipokwisha tulirudi kuchukua mizigo. Nimal akaifunga sanamu kwa kitambaa taratibu, uso ukiwa wa mwisho kufunikwa, tukaiteremsha hadi kwenye lori. Nikapanda tena peke yangu kuchukua kibao, nikakumbuka kwanza kuzima taa. Mlinzi wa mlangoni, Danson, kijana wa Machakos, akaangua kicheko.

"We Domi, mbona unatoka kinyumenyume? Hakuna kitu humo."

Nikatazama miguu yangu. Alikuwa anasema kweli.