Mngurumo Ndani ya Wimbo wa Papa

Ijumaa asubuhi Sadrack, mwenye kukodisha muziki wa harusi, alipanga spika zake mbili kubwa uani kwa Papa Osée, akachomeka nyaya kwenye groupe yake, yaani jenereta, na kuucheza wimbo wa mzee kwa mara ya kwanza kwa sauti kubwa. Vikombe vilivyokuwa mezani vikaanza kugongana. Kuku wakakimbilia jikoni.

"Zima! Zima!" Claudine, bibi harusi, alitoka chumbani na nywele zake nusu zimesukwa. "Ile iko papa anaimba, ao iko kamio ya mizigo inapanda mulima?"

Émilie, mdogo wake, alibaki amesimama na kompyuta mikononi. Yeye ndiye aliyeurekodi wimbo. Alikuwa ameusikiliza zaidi ya mara ishirini kwenye vile visikilizi vyake vidogo vya masikioni, na kila mara alisikia sauti ya baba yake tu.

"Miye sisikie kitu," alisema polepole.

Sadrack akacheka. "Bon, weye utasikia namna gani? Ulizaliwa hapa. Miye niko mutu wa Simi-Simi, mbali na maporomoko. Kila siku nikifika kwenu, maji inanijaa mu kichwa." Akanyoosha mkono nyuma ya nyumba, ambako mto ulishuka juu ya mawe ya maporomoko, mchana na usiku, mwaka hadi mwaka. "Ni ile. Imeingia yote mu wimbo."

Émilie aligeuka akatazama dirisha la chumba alichorekodia. Siku ile papa alilalamika joto, naye akalifungua wazi. Wazo la kulifunga halikumjia hata kidogo, kwa sababu kwake chumba kilikuwa kimya kabisa.

Na kurekodi upya hakukuwezekana. Kesho yake baada ya kuimba, Papa Osée alipasuliwa koo. Alirudi nyumbani amefungwa kitambaa shingoni, na kilichobaki cha sauti yake kilikuwa pumzi tu, kama mtu anayepuliza makaa.

Katika ukoo wao, binti akiolewa hatoki mlangoni mpaka baba yake amwimbie. Baba huimba akiwa nje, kwa sauti nzito ya wapiga kafi. Mwishoni huliita jina la binti, na hapo tu ndipo mguu wake huvuka kizingiti. Kesho asubuhi ukoo wa bwana harusi, watu wa Isangi, wangefika na baleinière yao, boti ndefu ya mto, kumchukua Claudine. Wimbo usipochezeka, ilibidi mwanamume mwingine amwite, na Papa Osée akae kitini ashuhudie.

Huyo mwingine alikuwa tayari. Tonton Patrice, mdogo wake papa, alikohoa kidogo, akamwita kaka yake mkubwa kwa heshima. "Yaya, miye niko. Niko najua maneno yote."

Papa Osée alimtazama Émilie, kisha akatazama miguu yake mwenyewe. Émilie angependelea agombezwe.

"Sadrack," alisema, na kwa kuwa hakuzoea kuomba, maneno yakatoka yote pamoja, "iko namna ya kuitosha ile maji, papa abaki peke yake?"

"Kuitosha yote, hapana. Kuipunguza, ndiyo. Tafuta égaliseur paramétrique. Kaplugin kadogo, unakaingiza ndani ya programu yako ya kurekodia. Iko na vifungo tatu: moja inachagua fasi, kutoka sauti ya chini mpaka ya juu. Ya pili inapandisha ao inashusha. Ya tatu inafanya ile fasi ikuwe pana ao nyembamba. Lakini utafute ya simple, eh! Ile ya picha mingi itakuuia machine."

"Weye hauna moja?"

"Miye? Niko na ya chuma, kwenye meza yangu, na kifungo ya basse, ya sauti ya chini, imekufa tangu Noeli." Akaanza kukunja waya. "Saa kumi nitawasha groupe tusikilize. Mara moja tu, mudogo wangu. Essence iko ya kesho."

Émilie aliingia ndani, akaiunganisha kompyuta na mtandao wa simu yake, akaanza kutafuta. Kuketi alishindwa. Alisoma akiwa amesimama, akatembea mpaka dirishani, akarudi, akasoma tena mistari ileile.

Egalizeri ya kwanza aliyoipata ilikuwa nzuri mno. Iliposhuka nusu, simu ikamtangazia kwamba mega zimekwisha, akakimbia barabarani kununua nyingine. Alipoifungua hatimaye, mbele yake palijaa mistari ya rangi na saa za duara, kama dirisha la rubani pale uwanja wa ndege wa Bangboka, na kompyuta ikaganda. Ya pili ilikuwa ya majaribio: kila baada ya nusu dakika sauti ilikatika yenyewe, kusudi mtu achoke akainunue. Alimwazia Claudine amesimama kizingitini huku sauti ya papa ikikatika katikati ya neno. Akaifuta. Ya tatu ilitaka kompyuta ya miaka hii.

Saa saba umeme ukaondoka. Betri ilionyesha arobaini na moja kwa mia.

Claudine alichungulia mlangoni, sahani ya pondu, mboga ya majani ya muhogo, mkononi. "Kula."

"Sitaki, yaya."

"Utaanguka kesho mbele ya watu ya Isangi, baseme familia iko na magonjwa." Akaweka sahani kitandani, akasita. "Émilie. Kama haiwezekane, tonton ataimba. Sitalia."

"Utalia."

"Bon, nitalia. Lakini kidogo."

Alipoondoka, Émilie alizunguka chumba mara mbili na kurudi kwenye kompyuta. Katika jukwaa moja la watu wanaorekodi nyumbani, mtu fulani alikuwa ameuliza swali karibu sawa na lake, na mwingine akamjibu kwa mstari mmoja wenye kiungo. Ukurasa uliofunguka haukuwa na mapambo: maelezo mafupi, jina la mtu mmoja aliyeitengeneza, na faili ya mega mbili ya bure. Ilishuka kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Ndani yake mlikuwa na vile vifungo vitatu alivyovitaja Sadrack, na mstari mmoja tu uliolala katikati ya dirisha.

Maelezo yalisema hivi: ukitaka kuondoa sauti mbaya, kwanza ipandishe. Fanya nafasi iwe nyembamba, ipandishe sana, kisha itembeze polepole toka chini kwenda juu mpaka ile mbaya ipige kelele. Ukiisha kuijua, ishushe.

Émilie alivaa visikilizi, akavikandamiza kwa viganja vyote viwili, kisha akapandisha kama alivyosoma na kuanza kutembeza kifungo cha kwanza. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Akapanda kidogo. Akapanda tena. Ghafla mto ukamjia kichwani wote kwa mara moja, mzito, mkubwa, ukimfunika baba yake kama turubai. Alivivua visikilizi upesi. Na alipovivua akausikia tena, dirishani, uleule, nyuma ya sauti za wanawake wanaotwanga. Miaka ishirini na minne aliishi nao. Akatamani mtu aufunge.

Akavivaa tena, na kwa hasira akashusha. Akashusha mpaka mwisho wa kifungo, na nafasi ile akaipanua kabisa, ili asibakize hata tone. Mngurumo ukatoweka. Alitoka mbio, karibu aiangushe kompyuta, akapiga magoti mbele ya kiti cha papa na kumvisha visikilizi.

Papa Osée alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akayafungua.

"Nani huyu?" alinong'ona.

"Ni weye, papa."

Akatikisa kichwa. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomuuma Émilie. "Huyu iko mutu mu telefone."

Émilie alivichukua visikilizi akajisikiliza mwenyewe. Kweli. Kile kifua cha papa, uzito ule uliokuwa ukimfanya akiwa mtoto aweke shavu mgongoni pake aimbapo, haukuwapo. Mto na baba yake walikaa mahali pamoja, kule chini, na yeye aliwakata wote wawili.

"Nipe dakika kumi, papa. Kumi tu."

Betri: kumi na tisa kwa mia. Aliketi sakafuni uani, palepale mbele yake, kwa sababu hakutaka kwenda mbali. Alirudisha kila kitu mwanzo. Safari hii alishika kifungo cha tatu, kile cha upana, ambacho kabla alikifungua kwa hasira tu. Akaifanya nafasi kuwa nyembamba kama kisu, akatafuta pale mto uliponguruma kuliko kote, akashusha hapo tu. Akatafuta pa pili, juu kidogo, ambapo chumba chenyewe kilikuwa kimeurudisha mwangwi. Akashusha, kidogo. Papa akarudi. Mto ukabaki, mwembamba, mbali. Alipojaribu kuondoa na huo, kifua cha papa kikaanza kupungua tena, akauacha.

Mara mbili alishusha pasipotakiwa, akarudisha.

Saa kumi Sadrack aliwasha groupe. Claudine alitoka chumbani, nywele sasa zimekwisha kusukwa, akasimama nyuma ya mlango kana kwamba ndiyo kesho. Tonton Patrice alivua kofia. Émilie alibonyeza, akafumba macho.

Vikombe havikugongana. Papa Osée aliimba kutoka kwenye spika, mzito, taratibu, na mwishoni akaita: *Claudine, mwana wa Osée, toka.*

Papa alikuwa amekunja uso. Akainua kidole.

"Pale," alinong'ona. "Mbele ya jina. Nilivuta pumzi mbio."

"Papa, hakuna mutu atasikia," Claudine alisema mlangoni.

"Miye nasikia. Nilikuwa naogopa kisu ya munganga, njo maana nikakimbia." Aligusa kitambaa cha shingoni, akaonekana kuudhika kweli, kama mwimbaji aliyekosea mbele ya watu. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Patrice. Kesho hautaimba, utabeba kiti yangu. Uiweke karibu ya mulango, upande wa spika."

"Ndiyo, yaya."

Sadrack alizima groupe. Émilie aliuhifadhi wimbo mara moja, akauhifadhi tena kwa jina jingine, kisha akaomba simu ya Sadrack aunakili na humo, kwa sababu mikono yake bado haikuwa imeamini.