Maji Meupe ya Josho

Mfuko wa chokaa una kilo ishirini na tano, na mwogeshaji aliubeba begani kutoka stoo ya Bwana Mifugo mpaka kwenye josho la kuogeshea kondoo, miguu peku. Akaupasua kwa kisu, akamwaga nusu yake ndani ya hodhi la saruji, akachukua mti mrefu wenye panda akaanza kukoroga. Maji yalikuwa ya kijani, yamejaa mavi na manyoya ya wiki iliyopita. Yakawa kijivu, kisha yakaanza kung'aa. Viganja vyake vilikuwa vimechanika kwa sababu ya chokaa hiyo hiyo, na kila alipokaza mkono mipasuko ilifunguka upya. Alikoroga mpaka maji yakawa meupe kama maziwa, maana dawa halisi ya kuua kupe ikitiwa majini huwa hivyo, na wafugaji wanalijua hilo.

Dawa halisi nayo ilikuwa inaletwa, tusimsingizie mtu. Ililala stoo siku mbili, na siku ya tatu pikapu ilirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, dereva hasalimii mtu, ikaondoka na madumu yote ya dawa. Mwogeshaji aliwahi kuuliza, mara moja tu.

"Anayekoroga ni nani?" Bwana Mifugo alimjibu kwa upole.

"Ni mimi, mzee."

"Basi siku wakiuliza nani alitia chokaa, watamtaja nani? Mimi hata harufu ya kondoo inanishinda. Na ile barua yako ya ajira ya kudumu iko mezani kwangu, inangoja sahihi. Usije ukautia mkono wangu uzito."

Alikuwa kibarua mwaka wa nne sasa, na nyumbani kulikuwa na midomo mitano. Kazi mbaya si mchezo mwema, akajiambia, akakoroga. Kondoo wa kienyeji walikuwa wameishi na kupe tangu enzi, wakanyonywa damu na bado wakazaa, kwa hiyo chokaa ile ilipita miaka bila mtu kuigundua.

Kisha ukaja mradi wa wajane. Dada yake, wa tumbo moja, yule aliyemlea mama yao alipofariki, alipewa kondoo sita wakubwa wenye manyoya mazito, waliotoka nyanda za baridi ambako kupe hajulikani. Mradi ulitaka banda lenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa. Dada akauza cherehani yake, ndiyo iliyokuwa ikimlisha, akajenga. Sharti la pili lilikuwa kuogesha kila wiki. Hilo lilimfanya acheke kwa furaha.

"Dada, usilitegemee josho peke yake," mwogeshaji alimwambia siku moja. "Jioni uwe unawachambua kwa mkono. Masikioni, na chini ya mkia."

"Nikae nachambua kupe mmoja mmoja, na mdogo wangu ndiye mwenye josho? Nimesikia mganga hajigangi, sikujua kuwa hata ndugu zake hawagangi." Akamvuta jike mmoja karibu. "Halafu dawa yako kali. Tazama macho yalivyomwiva. Ile ya zamani haikuwatoa kondoo machozi namna hii."

Macho yalikuwa yameungua kwa chokaa. Mwogeshaji akakumbuka barua, akamfuta jike machozi kwa ncha ya shati.

Tangu siku hiyo kila jioni akitoka kazini alipitia bandani kwa dada, na kopo lenye mafuta ya taa. Alipiga magoti, akapekua sikio baada ya sikio, akang'oa kupe na kuwatumbukiza koponi. Dada alimtania kwamba amefukuzwa na mkewe. Lakini mvua zilikuwa zimenyesha, majani yamepanda hadi magotini, na alipong'oa mmoja leo, kesho alikuta kumi.

Wa kwanza kuugua alikuwa jike mwenye mimba. Alijitenga na wenzake, masikio ya moto, pumzi juu juu. Kesho yake alitupa mimba, akaharisha damu. Kabla ya wiki kwisha watano walikuwa wamekufa. Kwa wajane wengine hali ilikuwa hiyo hiyo, watu wanachimba mashimo mpaka majembe yanagombewa. Dada hakulia. Alikaa kwenye sakafu ya mbao za banda, akawa anaokota manyoya na kuyaweka mapajani.

Daktari wa mifugo alikuja kutoka maabara, mama wa makamo mwenye buti nyeupe, akawakusanya watu pale joshoni.

"Hivi ni virusi," alisema. "Vinakaa ndani ya kupe. Havina sindano wala kidonge. Kinga yake ni kuwaua kupe mapema. Sasa nataka kujua kama josho hili lina dawa."

Bwana Mifugo alikuwa tayari na chupa mkononi. "Sampuli hii hapa, daktari. Nimekuchotea asubuhi, nikupunguzie usumbufu."

Mwogeshaji alikuwa amemwona akiijaza chupa hiyo kule stoo, si hodhini. Daktari akaiinua kwenye mwanga, akatazama hodhi, akamgeukia yeye.

"Wewe ndiye unayechanganya. Umetia dawa kila wiki?"

Watu wote wakamtazama. Kabla hajajibu, dada yake akaingilia.

"Huyu? Daktari, huyu nimemlea mwenyewe. Hana uzembe. Jioni alikuwa anakuja bandani kwangu kuwachambua kupe kwa mkono, hakuna aliyemtuma."

"Kwa mkono," akasema Bwana Mifugo taratibu. "Daktari, andika hilo. Tunawakataza kila siku. Kupe akivutwa kwa vidole hupasuka, sumu yote ikabaki mwilini mwa kondoo."

Wanawake wakanong'onezana. Wengi wao nao walikuwa wameng'oa kupe kwa vidole, kila mmoja kwake.

"Sikuuliza hilo," daktari alisema, bado amemkazia macho mwogeshaji. "Nimeuliza kama umetia dawa."

Dada alimwashiria kwa kichwa, sema, usiogope. Bwana Mifugo alikuwa anafuta vumbi kwenye mkono wa shati lake.

"Nimetia," alisema mwogeshaji.

Daktari akaitia chupa mfukoni. Kisha akaandika, akaingia garini, maana alikuwa na majosho mengine matatu ya kuona kabla ya jioni.

Majibu yaliletwa baada ya wiki mbili, yakabandikwa kwenye ukuta wa ofisi. Dawa iko sawa. Vifo vimesababishwa na wafugaji kung'oa kupe kwa mkono. Kuanzia sasa ni marufuku, na kuogesha kutakuwa mara mbili kwa wiki. Atakayekaidi atanyang'anywa kondoo waliobaki.

Siku ya kwanza ya amri hiyo foleni ilianza kabla jua halijachomoza. Wa mbele kabisa alikuwa dada, amembeba jike wake wa mwisho kifuani kwa kuwa alikuwa hajiwezi. Wajane wenzake walisimama mbali naye kidogo, maana ndiye aliyemtajia daktari habari ya kuchambua kwa mkono.

"Mdogo wangu, nisamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Nilifikiri nakutetea, kumbe nakuponza. Ila bandani kwangu hakuna wa kuchambua tena. Nimewaacha kupe wote, hata mmoja sikumgusa, waje wafie humu."

Mwogeshaji akatazama. Masikio ya yule jike yalikuwa yamefunikwa na kupe walioshiba, kijivu, wamebanana mpaka ngozi haionekani. Nyuma ya foleni, kwenye kivuli cha ofisi, Bwana Mifugo alikuwa anatazama saa.

"Mzamishe na kichwa," dada alisema. "Mara mbili."

Akampokea, akamtia majini, akambana shingo kwa panda ya mti mpaka weupe ukamfunika. Akamwacha aibuke, akamzamisha tena. Jike akatoka upande wa pili akiyumba, macho ameyafumba, anatiririka maji. Kupe walikuwa pale pale masikioni, na vijiguu vyao vinatembea.

Dada akainama, akawatazama kwa muda mrefu.

"Watadondoka tu," alisema, akaketi kwenye saruji, jike mapajani na mikono yake nyuma ya mgongo asije akamgusa hata mmoja, akingoja.